KUPANGA KAZI NI SEHEMU YA AMANA
Somo juu ya miradi ya umma na namna ya kuipanga kabla ya kutia jembe

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu ya pwani, tokea Vanga hata Kiunga, hatukupungukiwa na watu wa kutoa. Ukitangazwa mchango wa madrasa baada ya sala ya Ijumaa, mwenye duka atatoa, mvuvi atatoa, na mama auzaye mahamri asubuhi atafungua fundo la leso yake atoe alicho nacho. Basi imekuwaje tukawa na misikiti iliyosimama kwenye msingi, na madrasa zenye kuta zisizo na paa, zinyeshewazo na mvua mwaka baada ya mwaka hata mawe yakaanza kumong'onyoka? Ukiuliza, aghlabu utajibiwa: "Mungu hakujaalia."

Neno hili lina adabu kwa nje, lakini ndani yake mna hatari. Kwani mara nyingi lililokosekana si majaaliwa, bali ni mtu wa kuketi na kalamu, kabla ya jembe la kwanza, akajiuliza: kazi hii ni ipi, itafanywa na nani, itaanza kwa lipi, itachukua siku ngapi, na itagharimu nini? Kulitupia kadari jambo ambalo sisi wenyewe hatukulifikiri ni kumsingizia Mola wetu uvivu wetu. Na fedha za umma zilizoharibika kwa kukosa mpango zimeharibika kama zilivyoharibika zile zilizoibwa, ijapokuwa dhambi zake si sawa. Mama yule wa mahamri amekwisha kuzitoa, na mtoto wake bado anasoma chini ya mwembe.

Kwa hiyo darasa letu limeona lieleze hapa, kwa ufupi, misingi ya elimu ya kupanga kazi, ili kila kamati ya msikiti au madrasa iweze kuitumia.

1. KUFUNGA KWANZA, KISHA KUTEGEMEA

Hadithi ya ngamia ni mashuhuri, nayo imepokewa na Tirmidhi. Mtu alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga akamtegemea Mungu, au amfunge ndipo ategemee. Akaamrishwa amfunge, kisha ategemee. Hapana mgongano baina ya kamba na tawakali. Kamba ni kazi ya mja, na matokeo ni ya Mola.

Na ajabu ni kuwa safari iliyojaa tawakali kuliko safari zote, nayo ni Hijra ya mwaka 622, ndiyo hiyo hiyo iliyopangwa vizuri. Makka iko kusini ya Madina, lakini safari haikuanza kwa kuelekea kaskazini. Ilianza kwa kushika njia ya kusini hata pango la Thaur, mahali ambapo wenye kutafuta hawakutazamia. Na humo pangoni walikaa masiku matatu, mpaka msako ulipopoa. Je, aliyekuwa na ahadi ya Mola wake alihitaji hadhari hizi? Alizifanya ili sisi tufuate. Basi asije mtu akatwambia kuwa kuhesabu siku na shilingi ni upungufu wa imani.

2. KUJUA LENGO NA MPAKA WA KAZI

Jambo la kwanza katika kupanga ni kulitaja lengo kwa maneno ambayo watu wawili hawatayafahamu mbalimbali. "Tunataka kuinua elimu ya watoto" ni nia njema, lakini si lengo la mradi, kwani haliwezi kupimwa wala kumalizika. "Tunataka madrasa ya vyumba viwili, kila kimoja cha watoto 40, pamoja na birika la maji ya kutawadhia, iwe tayari kabla ya mwezi wa Shawwal" ni lengo. Siku yake ikifika kila mtu ataweza kusema: limetimia, au halikutimia.

Pamoja na lengo huwekwa mpaka, yaani kuandika yaliyomo katika kazi na yasiyokuwamo. Hapa ndipo kamati nyingi huharibikiwa. Kazi huanza na vyumba viwili. Kuta zinapofika kifuani, bwana mmoja hupendekeza chumba cha mwalimu. Mwingine huona haya kuwa hapana mnara. Wa tatu hutaka marumaru. Kila pendekezo ni zuri peke yake, wala hapana apendaye kumvunja moyo mwenziwe. Mwisho fedha zilizotosha vyumba viwili huwa hazitoshi hata kimoja.

Dawa yake si kukataza mawazo. Dawa ni kuweka sharti: kila nyongeza iandikwe, na mbele yake yaandikwe mambo matatu, nayo ni siku itakazoongeza, shilingi itakazoongeza, na jina la atakayezileta. Nyongeza isiyojibu matatu haya hungoja mradi mwingine.

Tazameni mfano wa Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, uliowafikiana na 627. Makureshi na washirika wao walikuja kiasi cha watu elfu kumi. Salman al-Farisi (r.a.) akaeleza desturi ya Uajemi ya kuchimba handaki, na Mtume (s.a.w.) akaikubali, ijapokuwa Waarabu hawakuizoea. Lakini hawakuuzungushia mji wote. Pande nyingine za Madina zilikuwa na majabali meusi ya mawe ya moto, na mitende, na nyumba zilizosongamana, ambamo jeshi la farasi haliwezi kupita. Handaki lilichimbwa upande wa kaskazini, uliokuwa wazi. Lau wangalitaka kuuzungusha mji mzima, adui angaliwasili kazi haijafika nusu. Huo ndio mpaka wa kazi: kufanya linalotosheleza haja, na kuliacha lisilohitajiwa.

Na katika kisa hicho mna funzo la pili. Elimu ya kupanga ina istilahi na hesabu zilizotungwa na watu wasiokuwa Waislamu. Mwenye kuikataa kwa sababu hiyo na akumbuke kuwa handaki lilikuwa la Waajemi kabla ya kuwa la Madina.

3. KUIGAWA KAZI NA KUITIA MIKONONI MWA WATU

Kazi kubwa haifanyiki. Zifanyikazo ni kazi ndogo, moja moja. Kwa hiyo, baada ya kulijua lengo, igawanye kazi kama mtu akatavyo nazi: kwanza vipande vikubwa, kisha kila kipande kwa vipande vyake. Madrasa yetu ina idhini, ina jengo, ina maji, ina vyombo vya kusomea. Jengo nalo lina msingi, kuta, paa, milango na madirisha, na lipu. Utagawanya mpaka lini? Mpaka kila kipande kiwe chaweza kukabidhiwa mtu mmoja, na kukadiriwa siku zake na gharama yake. Kipande ambacho hukuweza kukikadiria bado ni kikubwa, au bado hujakifahamu.

Faida ya kugawanya ni kuyafichua yaliyosahauliwa. Wengi hukumbuka mawe na saruji, wakasahau idhini ya serikali ya kaunti. Na mwenye kujenga ndani ya mji wa kale wa Lamu, ambao tangu 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia, hana budi kuwauliza wahifadhi pia. Wengine humaliza jengo zima ndipo wakumbuke kuwa hapana mikeka wala mbao za kuandikia.

Kisha kila kipande kipewe jina la mtu. Jina moja, si mawili, wala "kamati". Kazi ya wote huwa si kazi ya yeyote: kila mmoja hudhani mwenziwe amekwenda. Mwenye jina si lazima aifanye kazi kwa mikono yake. Yeye ndiye wa kuulizwa.

Katika Handaki imesimuliwa kuwa kila watu kumi walipimiwa dhiraa arubaini za kuchimba. Kila kundi likajua linapoanzia na linapoishia, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe akawa miongoni mwa wachukuao mchanga. Katika Hijra ugawaji ulikuwa mzuri zaidi. Ali (r.a.) alilala kitandani mwa Mtume, kisha akabaki Makka kuwarudishia watu amana zao. Abdullahi bin Abubakar alisikiliza habari za mji mchana na kuzipeleka pangoni usiku. Asma binti Abubakar alitayarisha chakula cha safari. Amir bin Fuhaira alipeleka mbuzi ili wapatikane maziwa, na nyayo za mbuzi zikafuta nyayo za watu. Na mwongoza njia, Abdullahi bin Uraikit, wakati huo alikuwa bado yumo katika dini ya Makureshi. Alichaguliwa kwa kuwa aliijua njia na alikuwa mwaminifu wa ahadi. Hapana aliyefanya kazi ya mwenziwe, wala hapana kazi iliyokosa mwenyewe.

Sasa tujiulize sisi: mara ngapi tumempa uwekaji wa fedha bwana mwenye heshima asiyejua hesabu, na usimamizi wa ujenzi mtu asiyejua tofauti ya udongo na mchanga, kwa kuwa tu ni mtoto wa fulani? Kazi ni amana, na amana hupewa anayeiweza.

4. UTARATIBU WA KAZI NA NJIA NDEFU

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, nasi twamwomba msomaji achukue karatasi na kalamu.

Kazi nyingine haziwezi kuanza mpaka nyingine ziishe: huezeki kabla ya kuta. Nyingine zaweza kwenda pamoja: seremala hutengeneza milango karakanani wakati ule ule mwashi anapopandisha mawe. Tuitazame madrasa yetu kwa hesabu ya mfano, tukihesabu siku za kazi na za mapumziko pamoja:

(a) Ramani na idhini: siku 30.
(b) Msingi, baada ya (a): siku 12.
(c) Kuta, baada ya (b): siku 20.
(d) Paa, baada ya (c): siku 10.
(e) Seremala kutengeneza milango na madirisha, baada ya (a): siku 45.
(f) Kutia milango na madirisha, baada ya (d) na (e): siku 4.
(g) Lipu na chokaa, baada ya (f): siku 8.
(h) Birika la maji, baada ya (a): siku 15.

Asiyejua hesabu hii atajumlisha zote, aseme siku 144. Lakini si hivyo, kwa kuwa ziko zinazokwenda pamoja. Fuata kila njia tokea mwanzo hata mwisho. Njia ya mwashi ni idhini, msingi, kuta, paa, kutia milango, lipu: 30 na 12 na 20 na 10 na 4 na 8, jumla siku 84. Njia ya seremala ni idhini, utengenezaji, kutia milango, lipu: 30 na 45 na 4 na 8, jumla siku 87. Njia ya birika ni 30 na 15, siku 45 tu.

Basi madrasa haiwezi kufunguliwa kabla ya siku 87, nayo ni njia ya seremala. Njia iliyo ndefu kuliko zote ndiyo ishikayo mwisho wa mradi. Kila siku moja ipoteayo katika njia hiyo ni siku moja ipoteayo katika mradi mzima. Njia nyingine zina nafasi: ya mwashi ina nafasi ya siku 3, na ya birika ina nafasi ya siku 42.

Fikirini jambo hili, kwani ni kinyume cha mazoea yetu. Kamati zetu huenda kila jioni kutazama kuta, kwa kuwa kuta huonekana, na mwashi akikosa siku moja hupigiwa kelele. Seremala hakuna amwendeaye, huambiwa, "Tutakuletea vipimo paa likikwisha." Paa hukwisha siku ya 72. Ndipo seremala huanza siku zake 45, na madrasa iliyoweza kufunguliwa siku ya 87 hufunguliwa siku ya 129. Siku 42 zimepotea, wala hapana aliyelala, wala hapana aliyeiba. Limekosekana swali moja tu: kazi ipi ianze mapema?

Hesabu hii hulinda fedha pia. Tuseme mfadhili atoa fedha za kumwongeza seremala wa pili, ili milango itengenezwe kwa siku 35 badala ya 45. Je, mradi utapungua siku 10? Hapana. Njia ya seremala itakuwa siku 77, lakini ile ya mwashi ingali 84, nayo sasa ndiyo ndefu. Tumelipia siku 10, tumepata 3. Na tukiwaongezea watu wachimbao birika, hatukupata hata siku moja.

Hesabu hii ya njia ndefu iliandikwa kwa ufundi wake katika 1957 na wataalamu wa kampuni za DuPont na Remington Rand za Marekani, na mwaka uliofuata jeshi la majini la nchi hiyo likatoa hesabu iliyo dada yake. Lakini asili ya hekima yenyewe, ya kuanza mapema kile kichukuacho muda mrefu, si ngeni kwetu. Imepokewa katika Bukhari kuwa Abubakar (r.a.), alipotaraji safari, aliwalisha ngamia wawili majani kwa muda wa miezi minne kabla ya Hijra. Ngamia hawanenepi kwa usiku mmoja. Ile saa ya kutoka ilipofika, kila kitu kingine kiliweza kutengenezwa kwa haraka, na kile kisichoweza kuharakishwa kilikuwa tayari.

Ukishaipata njia ndefu, chora jedwali: siku zipangwe juu, kazi ziandikwe ubavuni, na kila kazi ipigiwe mstari tokea siku ya kuanza hata siku ya kwisha. Majedwali ya namna hii yalienezwa na Mmarekani Henry Gantt mwanzoni mwa karne ya ishirini, na kabla yake Karol Adamiecki wa Poland alikuwa amekwisha kubuni yanayofanana nayo. Litundikeni ukutani mwa msikiti. Kila mwenye kupita ataona kazi ilipo na ilipotakiwa kuwapo.

5. KUKADIRIA SIKU

Mtu atauliza: siku 45 za seremala zimetoka wapi? Swali jema. Ukimwuliza fundi siku moja tu, atakupa ile ikufurahishayo. Mwulize tatu. Mambo yakienda vizuri kabisa, siku ngapi? Kwa desturi, siku ngapi? Mbao zikichelewa na umeme ukikatika, siku ngapi? Tuseme amejibu 35, na 43, na 63. Chukua ile ya katikati, izidishe mara nne, ujumlishe na zile mbili za kando, kisha ugawanye kwa sita. Nne mara 43 ni 172. Ongeza 35 na 63, ni 270. Gawanya kwa sita, ni 45. Njia hii huipa desturi uzito wake, wala haiifumbii macho khofu.

Na katika kukadiria, tusiisahau nchi yetu na mwaka wetu. Mvua za masika hunyesha pwani tokea mwishoni mwa Machi, zikazidi Aprili na Mei. Ukuta usiofunikwa ukikutwa na mvua hizo, umepata hasara. Katika mfano wetu paa hukwisha siku ya 72. Anayetaka paa liwe limeezekwa ifikapo tarehe 20 Machi hana budi kuanza kutafuta idhini katika juma la kwanza la Januari. Hivi ndivyo ihesabiwavyo: tokea mwisho kurudi mwanzo. Tena Ramadhani hutangulia kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua. Kamati iliyojenga miaka iliyopita isichukue makisio yake ya zamani bila kutazama mwezi mtukufu utaangukia wapi safari hii, kwani mwenye saumu hawezi kutakiwa kubeba mawe jua la mchana kama siku nyingine.

6. FEDHA, AKIBA, NA KUJUA HASARA MAPEMA

Ahadi si fedha. Baada ya hotuba nzuri watu huahidi, na kati ya ahadi na mkono mna safari. Andikeni safu mbili mbalimbali: zilizoahidiwa na zilizopokewa, na kazi ipangwe kwa zilizopokewa.

Pili, mradi ugawanywe vituo, na kila kituo kiwe mahali ambapo kazi yaweza kusimama bila ya kuharibika. Msingi waweza kungoja. Kuta zisizo paa haziwezi. Basi kanuni ni hii: kuta zisianzwe mpaka fedha za paa ziwe mkononi. Lau kanuni hii moja ingalifuatwa, magofu mengi yatutiayo haya yasingalikuwapo. Na karamu ya kuweka jiwe la msingi, yenye mapilau na vipaza sauti, na ingoje. Ni ajabu ya watu kusherehekea mwanzo kwa fedha za mwisho.

Tatu, iwekwe akiba. Katika Surat Yusuf tumesimuliwa jinsi Nabii Yusuf (a.s.) alivyowapangia watu wa Misri miaka saba ya kulima na kuweka, kwa ajili ya miaka saba ya ukame. Hakungoja njaa iingie ndipo aitishe mchango. Aliihesabu shida kabla ya kuja kwake, akaiwekea dawa. Kadhalika kamati na iketi iandike: ni mambo gani yaweza kutuharibia? Bei ya saruji kupanda, fundi kuugua, mwenye kiwanja cha jirani kudai mpaka, idhini kuchelewa. Kwa kila moja iandikwe uwezekano wake, madhara yake, na tutafanya nini. Ugomvi wa kiwanja, kwa mfano, hauponywi kwa akiba. Huponywa kwa kuhakikisha hati kabla ya jiwe la kwanza. Bei kupanda ndiko kuhitajiko akiba. Na akiba iwe na mlinzi, isifunguliwe ila kwa shauri la kamati nzima.

Nne, na hili wengi hawalijui: kutazama fedha zilizotumika hakutoshi. Tuseme makisio ya kazi nzima ni shilingi 1,200,000. Mweka hazina aleta habari: tumetumia 600,000, na nusu ya siku imepita. Watu husema alhamdulillahi, tumetumia nusu, tumefika nusu. Lakini pimeni kazi yenyewe. Kama sehemu zilizomalizika zilikuwa zimekisiwa kugharimu 450,000 tu, basi kila shilingi moja tuliyotoa imetupatia kazi ya senti 75. Tukiendelea hivi hivi, kazi ya 1,200,000 itatugharimu 1,600,000. Upungufu wa 400,000 umejulikana leo, nusu ya fedha ingali mkononi, nasi twaweza kumbana fundi, au kupunguza mpaka wa kazi, au kuutafuta mchango. Aliyengoja mpaka sanduku likawa tupu hana la kufanya ila kusema Mungu hakujaalia.

7. KUANDIKA NA KUHESABIANA

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na kabla ya wahenga, Qurani katika Surat al-Baqara, aya ya 282, imeamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, likiwa dogo au kubwa. Nayo ndiyo aya ndefu kuliko zote. Aliyeamrisha kuandikwa deni baina ya ndugu wawili hakuwadhania uwongo. Alitaka udugu wao usalimike.

Basi tusione haya kuandikiana. Mkataba na fundi uandikwe: kazi gani, kwa kipimo gani, kwa siku ngapi, na malipo kwa kila kituo kikikamilika, wala si yote mwanzoni. Stakabadhi zihifadhiwe. Hata mchango uliopitia simu uingizwe daftarini siku ile ile, kwa jina la mradi, wala usichanganywe na fedha za mtu mwenyewe. Kila juma kamati ikutane kwa muda mfupi, na maswali yawe matatu: lipi lililotakiwa kukwisha limekwisha, lipi halikukwisha na kwa nini, na je, njia ndefu imesalimika? Na kila mwezi hesabu ibandikwe penye kuonekana na wote, ili mama wa mahamri aweze kumwambia mwanawe amsomee.

Mashauriano haya ni sifa ya waumini katika Surat ash-Shura. Lakini shauri likishakatwa, msimamizi awe mmoja, kwani manahodha wengi chombo huenda mrama.

KHATIMA

Ndugu zetu, mpango si Qurani, hata usiguswe. Hali zikibadilika, nao hubadilishwa, kwa kuandikwa na kwa shauri. Lakini mwenye mpango unaobadilika anajua amepotoka kiasi gani. Asiye na mpango hajui hata kama amepotoka. Wala kupanga hakumdhamini mtu matokeo. Mvua yaweza kuja mapema, na fundi mwema aweza kufa. Hapo ndipo mahali pa tawakali na subira, baada ya kamba kufungwa. Yatupasa, tutakaposimamishwa na kuulizwa juu ya shilingi ya yule mama, tuwe na la kujibu zaidi ya nia njema.

MASWALI YA DARASA

1. Itajeni kazi moja ya umma mtaani mwenu iliyosimama. Je, ilisimama kwa kukosa fedha, au kwa kukosa mpaka, au kwa kukosa mwenye kuulizwa?
2. Katika mfano wa madrasa, idhini ikichukua siku 40 badala ya 30, madrasa itafunguliwa siku ya ngapi? Na kama kuta zitachukua siku 25 badala ya 20, njia ndefu itakuwa ipi, na mradi utakuwa siku ngapi?
3. Fundi amekwambia siku 10, na 14, na 24. Utaandika ngapi?
4. Andikeni mambo matano yawezayo kuuharibu mradi wenu, na mbele ya kila moja dawa yake. Ni lipi kati yake linaloponywa kwa akiba, na lipi linaloponywa kwa kutangulia?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wafanyao kazi wakaitimiza, na atulipie kila aliyetoa na kila aliyechunga. Wabillahi tawfiq.